Matembezi ya Siku ya Familia

Mayfair, Johannesburg
27 Aprili 2025

Kwako wifi Marcelline,

Salamu zikufikie ukiwa mzima, wewe na cherehani yako na ile miguu inayokusumbua. Mvua za Kigoma zimewaacha salama? Sisi kwa mwili hatujambo. Ariane ana mafua, Fiacre anakula, mimi napumua. Ya moyoni ndiyo yaliyonifanya niandike.

Najua utashangaa kuona barua ndefu hivi kwenye simu yako. Tumezoeana kwa salamu za Noeli na picha za watoto, na wewe kunitania kwamba nampa mdogo wako ugali mwingi mpaka kaota kitambi. Nilitaka kupiga simu, nikakata kabla hujapokea, maana ningelia, na wewe uko kibandani na wateja. Kirundi changu unakijua, ni cha jikoni tu; niliondoka kwetu Buyenzi nina miaka sita. Kwa hiyo nakuandikia kwa Kiswahili, usome kwa nafasi yako.

Wifi, nimeondoka kwa Astère. Niko hapa Mayfair kwa mama mdogo Fauzia, mimi na watoto. Wazazi wenu hawapo, wewe ndiye dada mkubwa, kwa hiyo nimeona uyasikie kwangu kabla hujayapata kwa watu.

Chanzo ni matembezi. Cheka kama unataka. Huku Jumatatu ya Pasaka huitwa Siku ya Familia, na Ariane alitusumbua wiki nzima: wenzake wa darasani wanakwenda kutembea vilimani na wazazi wao, sisi kila sikukuu tumekaa Hillbrow ghorofa ya tisa tunasikiliza majirani wakigombana. Astère hakutaka. Alisema, "Mimi porini nimetembea ya kunitosha." Nikadhani ni uvivu. Nikamwambia kinyozi anasimama siku nzima, akitembea kidogo hatakufa. Akakubali shingo upande.

Tukaunganisha teksi mbili, daladala za huku, mpaka kusini mwa jiji, kwenye hifadhi moja ya vilima. Pazuri, sitakudanganya. Majani marefu yameanza kuwa ya manjano, mawe makubwa, na bondeni kuna msitu mdogo kando ya kijito. Njia imewekewa alama nyeupe kwenye mawe ili watu wasipotee. Familia zilikuwa nyingi, na mbwa wao, na wazee wenye fimbo. Ariane alipiga picha kila kitu, hata mavi ya pundamilia. Nilikuwa nimefunga chapati na mayai. Nilikuwa na furaha, wifi. Nikikumbuka siku ile naanza na hiyo furaha, na ndiyo inayoniuma.

Tulipoingia msituni Fiacre alikuwa mbele. Miaka minane, anataka kuwa wa kwanza kwa kila kitu. Aliambiwa pundamilia wako uwazi wa mbele, akakimbia akakata kona. Mara Astère akasimama. Juu ya kilima watu wanne walikuwa wanashuka kwa mstari, na bunduki. Walikuwa walinzi tu. Vilima vile vina vibaka wanaopora simu, kwa hiyo siku za sikukuu kuna walinzi wanaozunguka. Langoni tulitangaziwa, na yeye alisikia. Halafu bunduki si ngeni kwake. Pale kinyozini Kensington huwanyoa walinzi wa magari ya pesa, wamezilaza mapajani, na yeye anawasimulia mpira.

Lakini siku ile alitukamata, mimi mkono huu, Ariane mkono huu, akatutoa njiani akatulaza nyuma ya gogo. Nikamwuliza, "Astère, vipi?" Nikafungua mdomo nimwite Fiacre, akaniziba. Alinilalia kwa uzito wake wote. Nilidhani ni kwa muda kidogo, akili zitamrudia. Kisha Fiacre akarudi njiani, asitukute. Tulimsikia. Mwanzoni aliita kama anayecheza, halafu kwa hofu, halafu akaanza kulia. Alikuwa karibu nasi, wifi, kama kutoka kibandani kwako hadi barabarani. Mtoto wangu ananiita na mimi nimezibwa mdomo na baba yake. Nilimng'ata mkono mpaka damu ikatoka. Hakuuondoa.

Ariane hakuzibwa. Alinyamaza mwenyewe kwa kumwogopa baba yake, na sasa anajilaumu.

Walinzi ndio waliompata Fiacre. Walimpa maji na biskuti, wakamshika mkono wakamfikisha langoni, sisi tukatoka majanini baadaye kama wezi. Kwenye teksi aliniuliza, "Mama, mlinisikia?" Nilishindwa kumdanganya. Tangu saa ile hasemi na baba yake. Astère hakueleza lolote. Tulipofika nyumbani aliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Siku mbili baadaye nikafunga nguo zetu. Sasa nakuuliza wewe: mdogo wako alipatwa na nini? Najua mlivuka kwenda Tanzania kwa miguu mkiwa watoto. Zaidi ya hapo, miaka kumi na mitano ya ndoa, sijui neno. Niambie, nijue kama nimeolewa na mgonjwa au na mtu asiyempenda mwanawe.

Wifi yako akupendaye,
Annick

*

Kigoma
9 Mei 2025

Wifi yangu Annick,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa nikaisoma tena. Poleni sana. Huku tuko salama, mvua zinakatika, sare za shule zimenijaa mpaka kitandani. Miguu ni ileile. Fundi wa cherehani huanza kuzeeka miguuni. Msalimie mama mdogo Fauzia na umshukuru kwa kuwapokea. Naandika kwenye karatasi na kuipiga picha, maana vitufe vya simu havinipendi. Ukishindwa mwandiko usinicheke.

Nimeumia kwa ajili ya mtoto. Lakini wifi, nyumba haivunjwi kwa matembezi. Astère hanywi, hapigi, mshahara anauleta nyumbani, na kila Noeli ananikumbuka. Wangapi huko Johannesburg wana mume wa hivyo? Kwetu mke akirudi kwao, mume humfuata na mzee wa kumsemea na pombe, maneno yanasemwa, mke anarudi na heshima yake. Asipofuatwa mapema watu huanza kumsaidia kuvunja. Nilimpigia nimwambie akufuate. Alipopokea nilimgombeza, labda kupita kiasi, na sasa hapokei tena.

Umeniuliza ya njiani. Ya njiani tuliyaacha njiani. Baba yetu, Mungu amrehemu, alitukataza kuyasimulia. Alisema anayeyasimulia anayaita. Na Astère alikuwa na miaka sita. Mtoto wa miaka sita atakumbuka nini? Kule kwenye kambi ya wakimbizi alicheza mpira na wenzake, akaimba kwaya, akakua. Yaliyopita si ndwele, wifi. Tugange yajayo. Rudi kwako, umsaidie mtoto asahau, watoto husahau haraka.

Wifi yako,
Marcelline

*

Mayfair
13 Mei 2025

Wifi Marcelline,

Hujambo na kazi? Sisi hatujambo. Mafua ya Ariane yamenihamia.

Nimekusoma kwa heshima na nakujibu kwa heshima, ingawa nilitaka kuitupa simu. Yaliyopita yangekuwa si ndwele nisingekuwa nalala na watoto wawili kwenye godoro la sebuleni. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio tumeshakisikia, kilikuwa cha Fiacre.

Astère alikuja Jumapili. Hakuingia ndani kwa kuogopa ulimi wa mama mdogo, alisimama getini na mfuko wa machungwa. Fiacre alipomwona aliingia bafuni akajifungia. Nikatoka nikamwambia Astère, "Nipe sentensi moja tu. Moja ya kweli, nitaipokea." Alihamisha mfuko mkono mwingine. Halafu akasema, na nakuandikia kama alivyosema: "Ukimwita mtoto kwa jina, umewaonyesha alipo. Mama aliniita mimi. Wakaja wakamwua." Akaniachia machungwa akaenda.

Uliniuliza mtoto wa miaka sita atakumbuka nini. Hicho ndicho anachokumbuka.

Sasa sikia na langu, usije kusema hukuambiwa. Binamu yangu Pascasie anapika kwenye hoteli moja Cape Town, na mwezi wa nane wanataka mtu wa pili jikoni. Nyumba ya kukaa ipo, shule iko karibu. Mwisho wa Julai natakiwa kutoa jibu. Nikienda, naenda na watoto, na Astère atawaona kwa simu. Sikutishi. Sijui njia nyingine. Siwezi kuwarudisha watoto kwa mtu ambaye siku wakiwa hatarini atawalalia na kungoja.

Na kuhusu pombe ya kunifuatia: mama mdogo anasema ikiletwa kwenye nyumba inayoswaliwa, ataimwaga barabarani pamoja na mwenyewe.

Nijibu.

Wifi yako,
Annick

*

Kigoma
6 Julai 2025

Annick, wifi yangu,

Nakusalimu na kukuulizia hali ya watoto, na naogopa jibu. Mimi ni mzima. Kukaa kwangu kimya najua umekusoma kama kiburi. Hakikuwa kiburi. Niliposoma lile neno la Astère nilishindwa kazi. Nilimshonea mteja shati, mikono yote miwili ya kushoto. Karatasi hii nimeianza mara nyingi nikaichana.

Nakuandikia lilivyokuwa. Nikiacha hapa katikati sitarudia tena.

Ilikuwa 1996, wakati wa vita, kiangazi kinaisha. Tulitoka upande wa Ruyigi, watu wa milima miwili, kwa miguu kuelekea mpakani. Baba alitangulia na wanaume wengine kuangalia njia. Mama alikuwa mbele yetu kidogo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimembeba Astère mgongoni maana alichoka. Njiani kulikuwa na sheria ambayo hata watoto waliijua: ukiona wenye bunduki, toka njiani, lala, na usimwite mtu kwa jina. Walikuwa wa upande gani sijui mpaka leo. Hatukungoja kuuliza.

Tulifika mahali penye miti, na chini yake mto. Mama alikuwa amekata kona. Mimi nilimteremsha Astère akojoe. Ndipo nikawaona wanashuka kilimani kwa mstari, wanatujia sisi, si mama. Nikamlaza Astère kifudifudi kwenye majani nikamziba mdomo. Mkono ule ulikuwa wangu, wifi. Ulipoandika ya mkono wa Astère kwenye mdomo wako nilijidai sijaelewa, lakini nililitambua lile jambo mara moja.

Mama naye aliwaona, na aliona wanakoelekea. Alikuwa ameshajificha, pazuri kuliko sisi. Akatoka. Nilimwona mgongo tu. Aligeukia upande wa mtoni, upande ambao hatukuwako, akaanza kuita kwa sauti yake yote: "Astère, Astère we, njoo huku." Akawa anakimbia kuelekea mtoni huku anaita. Wale watu wakageuka wakamfuata. Hawakufika tulipolala. Milio tuliisikia kutoka mtoni.

Umeelewa, Annick? Mama hakusahau sheria. Aliijua kuliko sote, na aliivunja makusudi. Alilitumia jina la mtoto kuwapeleka mbali na mtoto. Astère uso wake ulikuwa kwenye majani. Hakuona kitu. Alisikia jina lake, akasikia milio, basi. Mimi niliona kila kitu, na kwa kuwa tulilala pamoja pale, nilidhani na yeye anajua. Halafu baba akakataza tusisimulie. Nilimlea mwenyewe kambini, nikamwona anacheka, nikasema amesahau, Mungu mkubwa. Kumbe mwenzangu ameishi miaka yote hii akiamini jina lake ndilo lililomwua mama yake.

Nimelia sana. Nalia mpaka wateja wananiletea chai.

Nakuomba usimwambie wewe. Akilisikia kutoka kwako atadhani umelitunga umpoze, au tumekaa tukashauriana. Aliyeona ni mimi. Lakini hapokei simu zangu. Nitafutie njia ya kumfikia, haraka, kabla ya hilo jibu la Cape Town.

Ni mimi wifi yako,
Marcelline

*

Mayfair
10 Julai 2025

Wifi yangu,

Asante. Sina salamu ndefu leo. Tuko wazima, baridi ni kali, maji ya bomba asubuhi hayashikiki.

Nilikusoma jikoni kwa mama mdogo, na sambusa za Ijumaa zikaungua kwenye karai. Alikuja kunigombeza, akaniona, akazima jiko. Nilimsomea.

Nataka nikuambie ukweli wangu hata kama haupendezi. Namhurumia Astère na bado sijamsamehe. Vyote viwili vimekaa ndani yangu, hakuna kinachomfukuza mwenzake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nawe unajua mama yenu alifanya nini siku ile: alimwona mwanawe hatarini, akatoka majanini, akaita. Alipata nafasi ya kuwa mama. Mimi nilinyimwa. Nililazwa chini, mwanangu akaamini nimemwacha, na mpaka leo analala amenishika nguo. Hilo ndilo linalonichoma, wifi, zaidi ya hofu yote ya siku ile. Hakuna aliyemwambia Fiacre kwamba mama yake alitaka kuita. Mimi nikisema, anatikisa kichwa tu, anadhani najitetea.

Astère anakuja kila Jumapili, anaongea na Ariane getini, Fiacre yuko bafuni. Amekonda. Pascasie naye amepiga, nafasi imethibitishwa, wanangoja mimi.

Njia ya kumfikia ni Théodore, mwenye duka la kinyozi anakofanya kazi, Mkongomani wa Lubumbashi, mtu mzima, Astère anamsikiliza. Namba yake nimekutumia. Piga Jumanne asubuhi, hakuna wateja. Usichelewe.

Wifi yako,
Annick

*

Kigoma
22 Julai 2025

Wifi Annick,

Habari za baridi? Huku ni vumbi tu, mashati meupe nayashona kwa kuyafunika. Nimeipokea picha ya Ariane, amekuwa mkubwa, ana kipaji cha uso cha kwetu. Pole yake.

Nimezungumza naye leo. Théodore alipokea, nikamweleza mimi ni nani, akasema, "Dada, ngoja kwanza, namkalisha." Alimkalisha kwenye kiti cha kunyolea, akampa simu, akatoka nje akafunga mlango. Nakuambia haya ujue umenielekeza kwa mtu mwenye akili.

Nilianza na salamu, akajibu. Nikamwambia, Astère, leo sikugombezi, nakusimulia tu, na ukikata simu nitapanda basi mpaka huko na miguu yangu hii. Nikamsimulia kama nilivyokuandikia. Sikuruka kitu. Nilipofika pale mama alipotoka, nilisikia pumzi yake inabadilika, nikaendelea. Nikamaliza.

Akasema, "Kwa hiyo hakuwa ananiita."

Nikamwambia, "Alikuwa anaita jina lako ili wewe usipatikane."

Akauliza, "Alitazama upande wetu?"

Wifi, hapo nilitamani kumpa jibu tamu. Lakini nilimwambia hapana. Angetazama upande wetu wangejua. Ndiyo maana niliona mgongo tu.

Akarudia, "Mgongo tu." Halafu akasema kuna mteja mlangoni, na nilijua hakuna. Akaaga, "Asante, dada," akakata.

Sijui atafanya nini. Nilitegemea kulia, au kunilaumu kwa kukaa kimya miaka yote, na angekuwa na haki. Sina la kuongeza. Wewe ndiye unayeamua ya Cape Town, na ukienda sitakutafutia ubaya. Utabaki wifi yangu hata ukihamia mwezini.

Wifi yako,
Marcelline

*

Hillbrow
3 Agosti 2025

Wifi yangu Marcelline,

Naamini miguu imepoa kidogo na mashati yanapata mikono ya pande zote mbili. Sisi wazima, ila midomo imepasuka kwa baridi. Umeona nimeandika Hillbrow hapo juu. Usipige vigelegele kabla hujasoma.

Baada ya simu yako Astère hakuja Jumapili. Nikajisemea basi, nimepata jibu langu. Alhamisi, siku ya mwisho, nilishika simu nimpigie Pascasie, na kabla sijabonyeza ikaita: Théodore, anauliza kwa adabu kama wanaweza kuja Jumamosi. Nikamwomba Pascasie aniombee siku tatu.

Walikuja jana baada ya adhuhuri. Théodore amebanwa na suti, Astère nyuma yake na kreti ya Fanta, kwa ajili ya mama mdogo. Mama mdogo alikuwa amevaa leso mpya na kupanga maneno tangu asubuhi. Tukaketi. Théodore akasimama akaanza, kwa Kiswahili cha kwao, kama wazee wanavyoanza, "Batu ya hapa, tumekuya kutafuta kondoo yetu yenye ilipotea." Mama mdogo akamkata, "Hapa hakuna kondoo. Hapa kuna mtu na watoto wake." Hata Ariane alicheka.

Astère akamwomba Théodore akae. Akasema, "Mama mdogo, niwie radhi. Sikuja kwa Annick kwanza. Nimekuja kwa Fiacre." Mama mdogo akanitazama. Si kwetu si kwenu, sijawahi kusikia mume aliyemfuata mke akaanza na mtoto wa miaka minane. Nilikwenda bafuni, nikamtoa, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki katikati ya wakubwa. Miguu yake haikufika chini.

Akamsimulia yote. Kwa Kiswahili, polepole, na Fiacre alipokunja uso Ariane alimgeuzia kwa Kiingereza. Kilima, mkono wako, mama anakimbia kuelekea mtoni. Hapo Ariane aliacha kutafsiri. Fiacre akamgusa goti akamwambia aendelee, akaendelea.

Walipomaliza Fiacre akauliza, "Nilipokuwa naita, ulijua ni mimi?"

Moyoni nilimsihi Astère aseme hapana. Angesema alichanganyikiwa, alidhani ni mtoto wa watu, na sote tungelipokea. Akasema, "Nilijua ni wewe."

"Mbona hukuja?"

"Nilidhani nikija watakuona."

"Walikuwa wameshaniona, Baba. Walinipa biskuti."

Astère akasema, "Ndiyo. Walikuwa watu wema, na mimi nilikosea. Bibi yako alitoka, mimi sikutoka. Na usikie hili vizuri: mama yako alitaka kukuita. Alipigana nami. Hii alama mkononi ni meno yake. Hakukuacha. Niliyekuacha ni mimi."

Fiacre aliushika ule mkono akaukagua, alama moja baada ya nyingine, halafu akanitazama mimi, mdomoni. Wifi, nililia mbele ya Théodore na Fanta zake. Miezi yote ile nilikuwa nangoja neno hilo, na sikujua kwamba haliwezi kutoka kwa mtu mwingine yeyote isipokuwa yeye.

Kisha Fiacre akauliza bibi yake aliitwa nani. "Godeliève," akasema Astère. Miaka kumi na mitano nimeolewa, na jina la mama mkwe wangu nimelisikia jana. Théodore akalirudia, na mama mdogo akamwombea dua kwa dini yake, sisi tukaitikia.

Nilisema masharti yangu mbele ya mashahidi. Kuna mama mmoja kwenye zahanati anayezungumza na watu waliopitia vita. Astère ataanza kumwona Alhamisi hii, na nitamsindikiza mpaka mlangoni. Nyumbani kwetu ya njiani hayafichwi tena, wakiuliza watoto wanajibiwa. Nami nikianza kuogopa, nitarudi Mayfair bila kuomba ruhusa. Akakubali yote. Pascasie nimemwambia wampe mwingine. Amenuna, lakini atapona.

Sijui kama nimesamehe. Nimerudi tu. Leo asubuhi aliponiamsha ghafla nilishtuka, na yeye akaona nilivyoshtuka, akajiondoa, na hilo nalo limeniuma.

Tuliondoka Mayfair kwa miguu mpaka kwenye teksi. Fiacre alitembea upande wa mbali kabisa, mimi na Ariane katikati, Astère amebeba masanduku. Hakumsogelea wala kumsemesha. Kwenye robot ya kona, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani huku, ikiwa nyekundu, Fiacre alisimama, akavua begi lake la shule, akamnyooshea baba yake bila kumtazama. Mkono bado hajampa, wifi. Amempa begi. Na Astère aliyaweka masanduku chini, akalivaa kifuani kama anayebeba mtoto, akayainua tena, akalipandisha ngazi zote mpaka ghorofa ya tisa, maana lifti ni mbovu.

Wifi yako,
Annick